Mafuta ya Mbarika Hayakuwa na Kosa

Mama Dinesh,

Umekosa adabu. Nani alikuambia mtu mzima anakufa mwezi wa sita, maharagwe yamekauka nusu shambani na mvua inazungukazunguka juu ya vilima vya Manga kama mwizi? Ungengoja. Miaka yote ile ni wewe uliyekuwa ukinifundisha kungoja. Ngoja jua la pili, ngoja la tatu, usifunge gunia, ngoja. Halafu wewe mwenyewe wiki mbili tu zikakushinda.

Haya ningekuja kukuambia kaburini, lakini nyinyi hamna kaburi. Sisi mtu akifa tunamweka karibu na nyumba yake. Ukiwa na hasira naye unatoka nje, unasimama pale, unamwambia mpaka roho itulie. Wewe walikupeleka Kisumu wakakuchoma. Nilipofika dukani na kuuliza uko wapi, kijana wako, anayeniita bibi kwa lugha yetu, akasema, "Magokoro, tulimaliza jana." Tulimaliza! Kama watu waliopakia lori. Nikakaa juu ya gunia la chumvi na machozi yakakataa, kwa sababu nilikuwa nimejitayarisha kulia mbele ya mtu, si mbele ya rafu za sabuni.

Watu wa kwetu walisema ni vibaya mtu kugeuzwa majivu. Niliwaambia wanyamaze. Mimi nimelaza mbegu ndani ya majivu tangu nikiwa msichana, na sijaona kitu kizuri kilichoharibiwa na majivu.

Kanisani kwetu Wasabato tunafundishwa kwamba wafu hawajui neno lolote. Basi mchungaji asijue kwamba nakuandikia. Nakuandikia kwa sababu nimefanya kosa kubwa, halafu nikakutwika wewe, na wewe huna mdomo wa kunijibu. Leo ni Jumanne. Jumapili wanawake wa kilima chetu wanakuja kuchukua mbegu za kupanda, na kabla sijawapa hata punje moja kuna neno la kuwaambia. Naanza na wewe. Nikiweza kukuambia wewe, hao wengine nitawaweza.

Unakumbuka siku ya kwanza? Nilitoka Ikonge na debe zima la maharagwe kichwani, shingo imeingia mabegani. Wewe ulikuwa umekaa nyuma ya meza na sari yako ya kijani. Ukachukua haragwe moja ukaliuma. Ukasema, "Hii bado iko maji." Nikakuambia, "Mama, labda ni meno yako yana maji." Hukucheka. Ulileta chupa tupu ya soda, ukatia maharagwe yangu na kijiko cha chumvi kavu, ukatikisa kama mganga. Chumvi ikanata kwenye chupa. "Ona. Kama kavu, chumvi naanguka chini. Hii nashika. Wewe nauzia mimi maji."

Nilirudi na debe langu mpaka Ikonge, nikikutukana njia nzima kwa Ekegusii ili Mungu asikie vizuri. Nikaanika siku nne. Niliporudi dukani nilikuja na chupa yangu mwenyewe na chumvi yangu mwenyewe. Nikatikisa mbele ya wateja wako wote. Chumvi ikaanguka chini kama mchanga. Hapo ndipo ulipocheka mpaka ukashika meza, ukaniletea chai ya tangawizi iliyonichoma koo. Tangu siku hiyo hukuliuma haragwe langu tena. Na salamu yako ikawa "Bwakire!" asubuhi, "Bwakire!" jioni, hata nikikueleza mara mia kwamba hiyo ni ya asubuhi.

Na ile siku nilikukuta jikoni kwako, nyuma ya duka, viganja vinang'aa, unazipaka dengu mafuta mazito ya mbarika kama mtu anayempaka mtoto aliyetoka kuoga. Nilikucheka. Ukasema, "Cheka tu. Mdudu nakuja, nateleza. Yai yake haishiki." Wiki iliyofuata nikakuletea majivu ya jikoni kwangu, nimeyachekecha mara mbili, laini kama unga. Ukashika kiuno. "Wewe nalisha mimi jivu?" Nikakueleza kwamba majivu yanaziba nafasi kati ya punje na punje, fukusi anakosa njia ya kutembea, na yakimwingia mwilini yanamkausha. Ulifikiri, ukifikiri ulikuwa unauma ncha ya sari, halafu ukatoa hukumu kama jaji: "Sawa. Jivu ya kupanda, mafuta ya kula."

Ni neno lako hilo. Mafuta ni ya chakula, kwa sababu mbegu ikipakwa sana inakosa pumzi na kiini kinalala moja kwa moja. Nililijua kama ninavyojua jina langu.

Sasa sikia nilichofanya.

Habari ya kifo chako ilikuja na lori la majani chai. Dereva alisimama barabarani akapaza sauti, "Yule mama wa duka, moyo umesimama!" halafu akaondoka, ana haraka zake. Tulikuwa tunang'oa maharagwe. Nilitupa yaliyokuwa mkononi nikamwambia Kwamboka, mke wa mwanangu, "Yaanike, yakikauka uyapure." Kisha nikaja kwako. Nilikaa siku tatu na wale wanawake wenu waliovaa nyeupe, wameketi chini, wanaimba nisichokijua. Nilichambua dengu za wageni maana mikono yangu haijui kukaa bure.

Siku hizo tatu, mbili zilinyesha Ikonge. Kwamboka aliyaingiza ndani na maganda yake mabichi, akayarundika pembeni jikoni, akafunika na gunia. Niliporudi nilitia mkono katikati ya rundo. Moto, Mama Dinesh! Yalikuwa na joto kama mtoto mwenye malaria. Maharagwe yaliyolala na maji hayalali, yanapumua, na yakipumua yanatoa jasho, na jasho ndilo chakula cha ukungu. Hilo nalo nililijua.

Nilimgombeza Kwamboka mpaka akalia. Nikayaanika jua mbili, tena jua lenyewe la kuibia mawingu. Tukapura, tukapepeta. Na sikuuma hata punje moja. Mimi, ninayewatukana wanawake wazima kwa kutouma! Chupa ilikuwa kabatini na chumvi ilikuwa jikoni, sikuzigusa. Nilijua nikiitikisa ile chupa nitakusikia ukisema bado iko maji, na siku hiyo sikutaka kukusikia.

Halafu nikachukua mafuta ya mbarika, ile chupa ya mwisho uliyonipa Pasaka, nikapaka mbegu. Mbegu, si chakula. Zote. Nilitaka mikono yangu inuke kama yako. Sina sababu nyingine, na hiyo yenyewe ni ya kijinga, usinitazame hivyo. Nilipaka mpaka zikang'aa, nikazitia kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, nikakaza kwa magoti. Maji ndani, mafuta nje, mfuniko juu. Hata mimi ukinifungia hivyo nitaoza.

Mwezi wa nane nilifungua. Harufu ilinipiga kabla ya macho, harufu ya nguo mbichi iliyosahauliwa kwenye beseni. Juu kabisa, punje zimetobolewa tundu za mviringo, safi kama zimetobolewa na fundi, na fukusi wa kijivu wanatambaa polepole wamechafuka mafuta. Nilikuwa nadhani mafuta yamewazuia. Yanamzuia yupi? Yule anayekuja. Wa kwetu hawakuja, tuliwaleta wenyewe kutoka shambani. Jike hutaga kwenye ganda linalopasuka kwa kukauka, na mtoto wake huingia ndani ya haragwe akiwa mdogo kuliko chembe ya chumvi. Anakula humo, anakua humo, anachonga dirisha, siku yake ikifika analisukuma kwa kichwa anatoka. Nilipokuwa napaka mafuta kwa nje nikijiona mjanja, yeye alikuwa ndani mezani.

Chini ya hao ndiyo kulikuwa na kilio chenyewe. Nyeupe kama nywele zangu, halafu kijani, halafu nyeusi, punje zimeshikana mabonge mabonge. Ukilivunja bonge linatoa vumbi kama moshi. Nilikohoa siku mbili. Na palipokuwa na tundu la fukusi, ukungu umeingilia hapo hapo. Mmoja amefungua mlango, mwingine amehamia.

Kwamboka alikuwa ameshainjika sufuria. "Mama, tuyaoshe tuyachemshe, watoto wale." Niliitwaa ile sufuria nikaimwaga shimoni. "Ukungu hauoshwi, wewe! Unaosha nywele zake, mizizi iko ndani. Hata kuku usiwape." Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika, maana hicho kilikuwa chakula na kosa halikuwa lake peke yake. Nilichagua punje kumi zilizoonekana nzima, nikazifunga kwenye kitambaa kibichi karibu na mafiga. Siku ya tano tatu zilikuwa zimeota, na moja kati ya hizo haikuwa na kichwa.

Unajua maana yake, lakini acha niseme. Haragwe hili lenye madoadoa alilileta mama mkwe wangu akiwa bibi arusi. Linaiva mapema, linavumilia baridi yetu. Ya sokoni tukipanda huku juu yanaoza mizizi kabla ya kutoa ua. Na toka ule mwaka wa kura ya vyama vingi, mavuno yalipokuwa mabaya, wanawake wa kilima wamekula mbegu zao wote, wakabaki kunitegemea mimi. Kila msimu nawagawia, wakivuna wananirudishia. Nyumba yangu ndiyo ghala lao. Mbegu isipoingia ardhini mwezi huu, mwezi wa kwanza hakuna cha kuvuna, na hapo haragwe la mama mkwe limekufa, na mimi ndiye niliyelizika kwenye pipa.

Basi Bosibori, yule jirani wa ng'ambo ya mto, akaja na kikapu chake. "Mama Nyaboke, mbegu ziko wapi?" Akaona pipa. Akaona sura yangu. Na mdomo wangu huu ukasema, "Ni mafuta ya yule Mhindi. Yameua mbegu."

Sikupanga. Yalitoka kama mate. Bosibori alijipiga mapaja. "Nilisema mimi! Cha duka ni cha duka!" Siku ya soko Ikonge nzima ilikuwa inajua. Wanawake niliowafundisha mwenyewe kupaka maharagwe ya kula walimwaga mafuta yao barabarani. Mmoja aliniuliza kama ulikuwa unatia sumu kwa makusudi. Nilinyamaza. Mimi, ambaye mdomo wangu unajulikana mpaka Nyansiongo, nilikaa juu ya kigoda changu nikanyamaza, na wewe hujamaliza hata miezi mitatu.

Jumapili iliyopita Dinesh akatuma neno. Anafunga duka, anahamia Nairobi, na kuna debe la mama lenye jina langu. Jana nilienda.

Hakunipa kiti. Alisimama nyuma ya meza yako, rafu tupu nyuma yake, akaniuliza kwa Ekegusii kisafi kuliko cha wajukuu zangu, "Magokoro, ni kweli unasema mafuta ya mama ni sumu?"

Nimegombezwa na mama mkwe, nimegombezwa na chifu, sijawahi kukosa pa kujificha. Ningeweza kumwambia ni Bosibori. Nilisema, "Nilisema hivyo. Nilidanganya. Nilizifunga mbichi."

Alitazama saa yake. Halafu akainama akatoa debe chini ya meza, akalisukuma kwangu kwa mguu. "Alisema hii ni ya kupanda, isiguswe. Nilikuwa nimeshamwahidi mtu wa hoteli, anakuja saa nane." Ilikuwa saa sita. "Chukua. Lakini huko mlikomchafua, mkamsafishe." Chai hakuniletea, na sikuistahili.

Nililifungua pale pale sakafuni. Majivu! Wewe mwanamke. Uliyesema nakulisha jivu. Ni mbegu ya mavuno ya mwezi wa kwanza, ile niliyokupa ukapike, hukupika. Umeilaza safu kwa safu na majivu yangu, umekandamiza, ukaziba mfuniko kwa mshumaa. Na hukuniambia. Ulidhani nini, kwamba ipo siku nitaharibu zangu? Nilicheka kwa sauti, Dinesh akadhani nalia, akageuka ukutani kuniachia nafasi. Sijui ni kipi nilikuwa nafanya.

Lakini usijisifu bado. Debe lako limeota kutu chini. Maji ya kupiga deki dukani yamekuwa yakiingia, na safu ya chini, upana wa vidole vitatu, imegandamana na majivu kama simenti, nyeusi, imekwisha. Juu, palipokuwa na majivu haba, kuna tundu za fukusi. Katikati ni nzuri. Rangi yake ni ile ile, madoa ni yale yale. Nikauma moja. Jino likazama kidogo.

Kidogo tu, lakini likazama. Unyevu umepanda.

Leo tangu asubuhi mimi na Kwamboka tunachagua juu ya ungo, punje moja moja, tunageuza kila moja tutazame mgongo na tumbo. Nimemwomba msamaha kwa kelele za siku ile, ameitikia "Mm," na kwa Kwamboka hiyo ni hotuba. Sasa anauma punje moja ya kila kiganja kabla ya kukitia kwenye ungo wa nzuri, anatema pembeni kama wewe. Iliyotobolewa, motoni. Yenye doa la ukungu hata kama kichwa cha sindano, motoni. Kilichobaki kinafika nusu debe. Kinawatosha wanawake wote konzi mbili mbili, wakipanda kwa nafasi na wasipike hata moja. Kumi nimezitia kwenye kitambaa tangu jana. Jioni hii ngozi zimekunjamana, moja imepasuka ubavuni. Sijui inapasuka kuota au kuoza. Nimetazama mara saba, na Kwamboka ameniambia haziwezi kuota zikitazamwa.

Nikizigawa hivi zilivyo, zitakaa siku chache kwenye vikapu vya watu na kurudia yale ya pipa. Zinahitaji jua tatu, kamili, za kuungua mgongo. Leo jua limetoroka saa saba. Hivi ninavyoandika kuna wingu limelala upande wa Manga, zito, halisogei.

Jumapili, Mama Dinesh, nakuahidi. Watakaa uani na vikapu vyao na sitafungua debe. Nitasimama. Nitasema mafuta ya mbarika hayakuwa na kosa, ni mimi niliyefunga mbegu mbichi, nikapaka kisichopakwa, halafu nikamsingizia marehemu aliyekuwa rafiki yangu. Bosibori atajipiga mapaja. Ajipige mpaka yavimbe. Nitatikisa chupa na chumvi mbele yao wote, kila mmoja aitazame, ndipo nigawe. Anayetaka kuniita mzee mwongo aniite akiwa na mbegu mkononi. Na mavuno ya kwanza ya konzi yangu nitampelekea Dinesh huko Nairobi, hata kama nitamtafuta nyumba kwa nyumba, ayapake mafuta, ayale.

Kaa salama huko, rafiki yangu. Nimekukosa vibaya. Nikienda mjini sasa miguu inageukia dukani kwako yenyewe, nafika mlangoni ndipo nakumbuka, narudi kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Sasa inuka, una kazi. Uliondoka duniani kama moshi, kwa hiyo uko karibu na hilo wingu kuliko mtu yeyote ninayemjua. Lizuie. Kesho, keshokutwa, na Ijumaa mpaka jua lizame. Jumamosi inyeshe itakavyo, sisi tutakuwa kanisani. Siku tatu tu. Simama hapo, shika kiuno, na usiliruhusu hata tone moja lipite.